Kikojozi na Safu Nne za Chupa

Los Molles, 13 Septemba 1953

Nélida mpenzi,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si mchungaji wetu, wala daftari langu la chini ya godoro: nimekuwa nikienda kando ya barabara kwa Marehemu Correa, yule mwanamke ambaye watu wa huku humwomba kama mtakatifu. Mara nne sasa. Uliponiomba mwezi wa saba nimpelekee chupa ya maji kwa ajili ya baba yako, nilidhani nitaiweka na kukimbia kabla sijaonekana. Nikakaa saa nzima. Kuna dereva wa lori aliyemchora kwenye kipande cha bati, amelala jangwani kafa kwa kiu, na mtoto kifuani bado ananyonya. Padri wenu hamkubali, mchungaji wetu hajawahi kumsikia, lakini hakuna lori linalompita bila kupunguza mwendo. Nilipenda hilo. Mtu anayeombwa kwa maji tu, tena ya bomba.

Baba akijua atacheka. Mimi ni mtu wa kuona haya hata nikiitwa jina langu darasani, unanijua, na kicheko cha baba nakiogopa kuliko kofi. Akipita pale kwa gari hutazama upande wa pili wa barabara na kusema, "Ibada ya chupa."

Uliniuliza hiyo ndege ambayo baba yangu anaibuni na baba yako anairusha ikoje ukiwa karibu. Jumapili iliyopita familia za wahandisi ziliruhusiwa kuingia, basi nikaizunguka mara tatu. Kwenye karatasi inaitwa Carancho, kama yule ndege mla mizoga. Ina tumbo pana na mabawa yaliyolazwa nyuma, na mbele haina bunduki hata moja. Silaha yake iko tumboni: mitutu minane iliyosimama wima, midomo ikitazama chini, kama mabomba ya kinanda cha kanisa yaliyopinduliwa. Rubani halengi. Anapita chini chini juu ya vifaru vya adui, na jicho la umeme lililo mbele ya mitutu likiona kitu, ndilo linalofyatua. Mafundi hawaiiti Carancho. Wanaiita Kikojozi. Nilipoinama kuchungulia chini yake, fundi Tránsito alinivuta begani akasema, "Toka hapo, bibie, huyu bado hajazoea kuamka."

Nilijiandaa siku tatu kumuuliza baba swali moja: jicho linajuaje kwamba hiki ni kifaru? Nikauliza leo wakati wa chakula, uso ukiniwaka moto. Hakucheka. Alichukua uma nne akazipanga juu ya kitambaa cha meza, zikiwa zimeachana sawasawa. Mwanga, giza, mwanga, giza. "Jicho halijui kifaru, Wiebke. Linajua mapigo." Kifaru kina ubavu, kivuli, mnara, kivuli, na jicho likihesabu mapigo manne kwa kasi fulani, linafyatua. Kichaka hakina mapigo, wala jiwe. "Vitu vya Mungu havijipangi," akasema. "Vya binadamu ndivyo vinavyojipanga." Mama aliomba uma wake arudishiwe.

Baba yako ataruka Alhamisi saa nane mchana, wakati kila mtu amelala na barabara haina nyumbu wa mizigo wala lori. Kabla ya hapo nitaenda tena kwa Marehemu. Pamekuwa pachafu, Nélida. Chupa zimelundikwa ovyo chini ya kichaka na zingine zimeota ukungu wa kijani ndani. Nitaziosha zote, niweke maji mapya, nimpangie vizuri. Anayemlinda baba wa mtu hastahili kuachiwa lundo.

Nasikia sapatu za baba ukumbini. Amesimama kuitia saa ya ukumbini ufunguo, kazi ambayo huwa inanipa nusu dakika. Naficha.

W.

San Luis, 27 Septemba 1953

Gringa, Mjerumani wangu,

Barua yako na baba walifika siku moja. Barua ilikuwa na stempu mbili. Baba alikuwa na sanduku moja, na kifuani alama mbili za nyuzi pale palipokuwa na mabawa yake ya urubani. Wamemvua mpaka baraza la uchunguzi litakapokaa, tarehe ishirini Novemba.

Najua unajua, lakini nitakuandikia jinsi ilivyo huku, kwa sababu huko kwenu nadhani inasimuliwa kwa namba. Alhamisi ile, saa nane na dakika ishirini, akielekea uwanja wa shabaha, juu ya barabara tupu, Kikojozi wenu alimwaga mitutu yote minane. Nyumbu wawili wa Mzee Zoilo, yule jirani wa Marehemu, walikufa papo hapo. Mzee mwenyewe ameingiwa na kipande cha chuma pajani. Aliwaambia wapelelezi kwamba mguu atausamehe, lakini yule nyumbu aitwaye Diputado, yaani Mbunge, alikuwa anajua njia ya nyumbani hata bwana wake akiwa amelewa, na huyo nani atamrudisha.

Baba anasema hakubonyeza kitu. Kufuli la silaha alilifungua mapema, ndiyo, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa na baba yako: jicho linahitaji dakika tano kupata joto. Baada ya hapo kuna njia mbili tu za kufyatua, jicho au kitufe kilicho chini ya kidole gumba. Na baba yako, Mhandisi Harmsen, amesema pale palikuwa na barabara, miiba na mawe, na kwamba jicho lake haliwezi kufyatulia miiba. Kwa hiyo ni kidole. Kurasa kumi na moja, Wiebke. Baba yako ameandika kurasa kumi na moja kuhusu kidole gumba cha baba yangu.

Unajua anachofanya sasa? Anakaa jikoni kwa bibi akikitazama. Anakikunja, anakikunjua. Bibi amempa mahindi ya kupukuchua ili kidole kiwe na kazi, na jana nilimsikia akisema polepole, si kwa bibi wala si kwangu, "Labda kweli." Mtu aliyewahi kutua na injini inayowaka moto. Baraza likimkuta na hatia hatarusha ndege tena maisha yake yote.

Muulize baba yako swali moja kutoka kwangu, wewe mwenye maswali: hilo jicho halijawahi kukosea?

Na asante kwa chupa. Marehemu naona alikuwa amelala mchana kama wengine.

Nélida

Los Molles, 5 Oktoba 1953

Nélida mpenzi,

Sijamuuliza. Nilifika mlangoni pake mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeshakunja vidole vya kubishia hodi. Alikuwa anapiga mluzi. Nikarudi.

Nisamehe kwa maswali badala ya pole. Baba yako alikuwa wapi hasa, kabla ya ile kona ya mashine za upepo au baada yake? Aliruka upande wa kaskazini wa barabara au juu yake kabisa? Siku za nyuma alipopita hapo ilikuwa asubuhi, sivyo? Na je, aliona chochote chini kabla ya mitutu kulia? Hata kitu kidogo, hata kitu cha kipuuzi. Usimwambie ni mimi ninayeuliza. Usiniulize ni kwa nini.

Hapa nyumbani watu ni wachangamfu, ndilo jambo baya. Wakubwa wameipenda ripoti ya baba. Mikataba ya Wajerumani wote inaisha Desemba, na inasemekana jicho likionekana halina kosa tutaongezewa miaka mitatu. Mama amepanda micherizi minne, ile miti ya matunda ya kwetu inayongojewa miaka. Huko Bremen, tangu mabomu ya vita, nyumba yetu ni shimo lenye maji na bata wawili, nilikwisha kukuambia, na mama alikaa miaka mitano bila kupanda kitu chochote kinachochukua zaidi ya msimu mmoja. Juzi alikuwa anaimba akichimba. Sikuwahi kujua kama ana sauti.

Jana nilipita kwa Mzee Zoilo na mkate wa mama. Makombora yalianguka kwake, hatua kama mia na ishirini baada ya Marehemu kwa upande wa uwanja wa shabaha. Wapelelezi wamepigilia vijiti vyekundu penye mashimo, na vijiti vyote viko kwake. Hakuna aliyepigilia kijiti nyuma zaidi, kule ndege ilikokuwa mitutu ilipolia. Nilisimama nikatazama nyuma, kisha nikaenda zangu.

Kuna kitu natamani kukwambia na mkono unakataa. Sapatu hizo.

W.

San Luis, 17 Oktoba 1953

Wiebke,

Unauliza kama mpelelezi na unajibu kama mtawa. Bibi aliposoma barua yako alisema ama msichana huyu ni mjinga ama amebeba kitu kizito. Mimi najua umebeba nini: umembeba baba yako. Kila mtu ana wake.

Haya, majibu yako. Ilikuwa kabla ya kona ya mashine za upepo. Juu ya barabara kabisa, kwa sababu barabara ndiyo aliyoifuata. Ndiyo, siku zote asubuhi, isipokuwa siku ile. Na alichoona nilimtoa kwa shida, kwa kuwa anaona aibu kukisema. Anasema chini palimkonyeza. Ndivyo alivyosema. Kama mtu anayekonyeza jicho haraka haraka, mara nne hivi, halafu ndege ikatikisika. Hakuwaambia wapelelezi, maana rubani anayeanza kusema ardhi ilimkonyeza huyo hapelekwi barazani, anapelekwa hospitali.

Sasa nisikilize. Wamemletea karatasi. Akikiri kwamba alibonyeza kwa bahati mbaya, baraza halitakaa, atastaafishwa kimya kimya na pensheni nusu. Ana mpaka tarehe kumi Novemba kuitia sahihi. Karatasi iko chini ya chombo cha sukari na kila asubuhi iko karibu zaidi na kalamu. Si pensheni inayonisumbua. Ni kwamba akitia sahihi, ataamini. Atakufa mzee akiamini kidole chake kiliwaua nyumbu wa watu na kingeweza kumwua mtu.

Kama unajua kitu, sema. Kama hujui, usiniandikie habari za micherizi.

N.

Los Molles, 4 Novemba 1953

Nélida,

Ni mimi. Nimeandika neno hilo kwanza ili nisiweze kurudi nyuma.

Nitakueleza kwa utaratibu, kwa sababu utaratibu ndio ulioleta haya yote. Siku moja kabla ya ndege kuruka, wakati watu wamelala mchana, nilienda kwa Marehemu na ndoo, brashi na majivu. Nilizitoa chupa zote chini ya kichaka nikaziosha ndani na nje mpaka zikawa kama za dukani. Zilikuwa sabini na sita. Mtu wa huku angezirudisha zilipokuwa, lundo juu ya lundo, kwa kuwa Marehemu anataka maji, hataki gwaride. Lakini mimi nimelelewa na mtu anayepanga soksi kwa rangi. Nilichagua ile sehemu tambarare kando ya barabara, juani, nikazipanga safu nne, chupa kumi na tisa kila safu, safu hadi safu hatua mbili. Nilipima kwa fimbo. Nilirudi nyuma nikatazama, nikajiona nimemfanyia baba yako jambo la heshima kuliko alilowahi kufanyiwa mtu.

Mwanga, giza, mwanga, giza. Mara nne.

Nilianza kuhisi tangu barua yako ya kwanza, lakini kuhisi si kujua, na nilijificha humo. Ulipoandika kwamba chini palimkonyeza, sikulala. Baba ana jicho la akiba kwenye karakana ya nyumbani, ndani ya sanduku la mbao, limeunganishwa na betri na kengele badala ya mitutu. Likiona mapigo yake linalia kama kengele ya shule. Jumatatu baba alikuwa kiwandani. Nililichukua. Sijawahi kuchukua hata penseli ya baba bila kuomba, ujue hilo.

Nikalifunga kwenye usukani wa baiskeli, likitazama chini. Baiskeli si jeti, basi nilipiga hesabu: badala ya kuzikata safu, nikipita sambamba na safu moja, chupa zikiwa zimeachana kiganja, na nikiteremka kile kilima bila kushika breki, chupa kwa chupa kwangu ni sawa na safu kwa safu kwa baba yako. Nilirudia hesabu mara tatu, kisha nikateremka. Juu ya changarawe, kimya. Juu ya miiba, kimya. Nilimpita hata mbwa wa Mzee Zoilo aliyelala barabarani, karibu nimkanyage mkia, kimya. Nilipofika kwenye chupa kengele ililia mpaka nikaanguka.

Niliinuka nikapanda tena. Ikalia. Nilipanda mara ya tatu, na hapa lazima nikiri kitu cha ajabu: nilikuwa na furaha. Goti linatoka damu, baba yako anaharibikiwa, na mimi moyoni nasema, kumbe ndivyo linavyoona. Kwa dakika moja niliujua ulimwengu kwa jicho lile, ambalo halijui kifaru wala sala, linajua tu kwamba kuna mtu aliyepanga. Kisha furaha ikaisha.

Mzee Zoilo alikuwa amesimama akiegemea fimbo yake. Sijui tangu lini. Akasema, "Binti, unapiga kengele hivyo, na njiani hakuna mtu."

Alizitazama chupa, akalitazama lile sanduku kwenye usukani, akatazama kule kwenye vijiti vyekundu. Yule mzee si mpumbavu. Kisha akauliza, "Hizi nani alizipanga? Sisi hapa hatupangi."

"Mimi," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo kwa sauti, na lilitoka dogo mno.

Nilitegemea atukane. Aliinama kwa taabu, akachukua chupa moja, akaifungua, akanywa nusu, akaimwaga nusu iliyobaki pale Diputado alipozoea kusimama. Akasema, "Kwangu umeshasema. Lakini mimi siandiki ripoti. Nenda kwa anayeandika."

Hiyo ilikuwa Jumatatu na leo ni Jumatano. Siku mbili nimekuwa nikimtazama baba anavyokula. Unadhani nambeba yeye, na ni kweli, lakini si kwa jinsi uliyofikiri. Akijua, atakuwa na njia mbili. Aking'ang'ania kurasa zake kumi na moja, nitakuwa nimemjua baba yangu kuliko nilivyotaka. Akiandika ya kumi na mbili, basi jicho lina kosa, Desemba hakuna mkataba, na mama ataiacha micherizi yake ikiwa inafika magotini. Aliyeyafanya yote ni mimi, kwa brashi na majivu. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu ambayo hakuna anayeumia isipokuwa mimi. Haipo.

Mwambie baba yako asiishike ile kalamu. Mwambie ardhi ilimkonyeza kweli, mara nne, na msichana aliyemwoshea Marehemu chupa ndiye aliyeifungua macho. Kidole chake hakina kosa. Msomee sentensi hiyo mara mbili.

Chupa zimebaki kwenye safu. Mikono ilitamani kuzitawanya, nikaizuia. Baraza likitaka kuja litazikuta.

Kitu kimoja kingine. Miaka yote hii nimekuandikia kwa Kihispania, na nimekuwa nikikwambia ni mazoezi. Si kweli. Baba hukisoma Kihispania kwa kidole, neno moja moja, na nusu dakika ya ile saa ya ukumbini ilinitosha kuficha chochote. Kihispania ndicho kilikuwa mlango wangu wenye kufuli. Kwa hiyo leo, kabla ya kuanza barua hii, nimeandika ukurasa mwingine kwa Kijerumani. Una hesabu za baiskeli, mchoro wa safu, hatua mbili, kiganja kimoja, tarehe, na neno "mimi" mwanzoni. Niliuandika kwa herufi kubwa za shule ya msingi ili asihitaji hata miwani. Jicho la akiba liko mezani kando yake, kengele bado ina vumbi la barabara.

Nasikia sapatu.

Amesimama. Anaitia saa ufunguo. Nahesabu mizunguko, huwa ni sita. Barua hii yako naikunja, ni yako. Ule mwingine nilikuwa nimeuwekea kitabu cha sala juu yake, bila hata kujua, mkono umezoea. Nimekiondoa. Nimeugeuza ukurasa umtazame anayeingia.

Sita.

Wiebke Harmsen